Kicheko nacho kina rangi

Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka mahakamani wala bungeni pasi na kuzomewa, lakini yakivishwa joho la ucheshi hupokelewa kwa vifijo. Mojawapo ni hili: kwamba Mzungu anayesafiri na mkewe pamoja na watoto wawili hawezi kushukiwa kuwa mlanguzi wa bangi. Juu ya nguzo hiyo moja ndipo iliposimamishwa filamu ya Kimarekani iitwayo We're the Millers, iliyotoka mwaka wa 2013 chini ya mwelekezi Rawson Marshall Thurber. Iligharimu dola milioni 37 hivi, ikaingiza takriban dola milioni 270. Hizo ni fedha za watu waliocheka, na baadhi yao walicheka katika nchi ambazo raia wake hawaukaribii mpaka wa Marekani ila kwa visa, alama za vidole na maswali yasiyokwisha.

Kwa ambaye hajaitazama, kisa chenyewe ni hiki. David Clark, anayeigizwa na Jason Sudeikis, ni mchuuzi mdogo wa bangi mjini Denver. Anaporwa fedha ambazo alipaswa kumfikishia tajiri wake, Brad Gurdlinger, naye tajiri anamwamuru aende Mexico akachukue mzigo ili deni lifutwe. David anajua fika kwamba mwanamume asiye na mke wala mtoto, tena mwenye sura ya mhuni, akivuka mpaka peke yake atatiliwa shaka. Basi anajitungia familia. Mke anakuwa Rose (Jennifer Aniston), jirani yake ambaye hujipatia riziki kwa kunengua na kuvua nguo kilabuni. Binti anakuwa Casey, msichana aliyetoroka kwao. Mwana anakuwa Kenny, kijana mpweke wa jengo lilo hilo ambaye mamake amemtelekeza. Wanachana nywele, wanavaa mavazi ya watu wa heshima, wanaingia ndani ya gari kubwa la mapumziko lenye vitanda na jiko, na ghafla wanne hao wasiojuana wanageuka kuwa akina Miller.

Hebu tutulie hapo kidogo, maana hapo ndipo penye kiini. Vazi la kujificha walilovaa akina Miller halikushonwa kwa kitambaa pekee. Shati lililopigwa pasi, nywele zilizokatwa vizuri, tabasamu la baba anayewapeleka wanawe likizo: hayo yote angeweza kuyavaa hata Mmarekani mwenye asili ya Kimexico anayeishi Denver iyo hiyo, au fundi mweusi kutoka Chicago. Angekuwa na mke wa ndoa na watoto wa kuzaa, si wa kukodi, na bado afisa wa mpakani angeweza kumwambia aegeshe kando. Kinachowapitisha akina Miller ni rangi ya ngozi zao. Waandishi wa filamu wanalijua hilo, la sivyo mpango wa David usingekuwa na maana hata kidogo. Lakini hawalisemi. Wanaiita siri hiyo 'familia', nasi watazamaji tunakubali kwamba jambo la kuchekesha ni mlanguzi aliyejifanya baba, wala si sheria ya mpakani inayotofautisha baba na baba.

Na msomaji asidhani kwamba ninaposema 'sheria' ninatia chumvi. Mwaka wa 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya serikali dhidi ya mtu aliyeitwa Brignoni-Ponce. Askari wa doria ya mpakani walikuwa wamelifuata gari lake usiku kusini mwa California na kulisimamisha kwa sababu moja tu, kwamba waliokuwamo walionekana kama Wamexico. Majaji walisema sababu hiyo pekee haitoshi. Walakini katika hukumu iyo hiyo wakaongeza kwamba sura ya Kimexico ni jambo linaloweza kuzingatiwa likiandamana na mengine. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Martinez-Fuerte, wakaenda mbele zaidi: kwenye vizuizi vya kudumu vya barabarani, askari waliruhusiwa kuelekeza magari kando kwa maswali hata ikiwa kinachowaongoza kwa sehemu kubwa ni sura hiyo. Kwa hivyo David Clark, mchuuzi asiyesoma sheria, alikuwa ameielewa sheria vizuri kuliko mawakili wengi.

Turudi kwenye filamu tuone ni nani wengine wamo humo. Ukiwaondoa akina Miller, na ukiwaondoa pia Don na Edie Fitzgerald, wale mume na mke wacheshi wanaokutana nao njiani (mume akiwa, kwa bahati mbaya ya walanguzi wetu, afisa wa idara ya kupambana na mihadarati), nafasi zinazobaki za maana ni za upande wa pili wa mpaka. Yuko Pablo Chacon, bwana mkubwa wa mihadarati mwenye bunduki na hasira. Yuko mfuasi wake, pande la mtu lenye jicho moja. Yuko askari wa Kimexico ambaye kazi yake katika hadithi nzima ni kusimamisha gari na kudai mlungula. Basi. Nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja, yenye washairi, wahunzi, madaktari na mama wauza tamale, imetoa katili, baunsa na mla rushwa.

Tena hata hao hawakutoka huko. Chacon ameigizwa na Tomer Sisley, mwigizaji aliyezaliwa Berlin kwa wazazi Waisraeli na kujipatia umaarufu wake Ufaransa. Mwenye jicho moja ni Matthew Willig, mzaliwa wa California aliyecheza kandanda ya Kimarekani kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika uigizaji. Askari mla rushwa ni Luis Guzmán, mtu wa Puerto Rico aliyelelewa New York, na mwigizaji mwenye kipaji ambaye tangu zamani Hollywood imempangia kuwa askari, mfungwa au jambazi kana kwamba hakuna kazi nyingine chini ya jua. Picha zenyewe zilipigwa North Carolina na New Mexico, ambayo licha ya jina lake ni jimbo la Marekani. Hata vumbi la Mexico katika filamu hii si la Mexico.

Mazoea haya si ya jana. Katika Touch of Evil ya mwaka wa 1958, ambayo wajuzi huihesabu miongoni mwa kazi bora za Orson Welles, afisa wa Kimexico anayepambana na mihadarati mpakani ameigizwa na Charlton Heston, amepakwa rangi usoni na kubandikwa masharubu. Angalau pale Mmexico alikuwa mtu mwadilifu. Miaka 55 baadaye rangi ya kupaka imepungua, na uadilifu nao umepungua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walihesabu wahusika wenye kauli katika filamu 1,200 zilizopata mapato makubwa zaidi kati ya mwaka wa 2007 na 2018. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa asilimia 4.5 tu, ilhali katika taifa la Marekani wao ni karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Takwimu hii hunukuliwa sana, na ni ya kweli, lakini naona haifiki penye donda. Tuseme kesho Hollywood iamue kuitikia malalamiko kwa kuongeza idadi, itoe filamu nyingine kama hii yenye walanguzi ishirini wa Kimexico badala ya wawili. Asilimia itapanda. Je, kutakuwa na lolote lililopatikana? Mimi nasema suala kubwa la uwakilishi katika filamu za kuchekesha ni hili: nani anaruhusiwa kuwa mjinga na bado akapendwa?

Maana ucheshi ni fani ya msamaha. David Clark anauza bangi, anadanganya, anawatumia watoto wa watu kama mapazia, na kuna wakati anataka kuwaacha njiani aende zake. Hata hivyo hadithi inamsubiri. Inampa muda wa kuona haya, kurudi, kupenda na kupendwa. Rose anapewa nafasi ya kuwa mama kwa vijana wasio wake (ingawa nashangaa kwa nini, ili awaokoe, ilibidi avue nguo mbele ya majambazi wale, na kamera ikakaa hapo kwa starehe isiyo na haraka). Kenny anang'atwa na buibui mahali pa aibu na sote tunamwonea huruma. Lakini yule askari wa barabarani hana mke, hana mtoto, hana mshahara mdogo unaomfanya adai mlungula. Chacon hana mzaha hata mmoja. Kukosa kucheka na mtu ni kumnyima ubinadamu kwa namna ambayo matusi yenyewe hayafikii.

Najua jibu litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba mwovu mkuu katika We're the Millers ni Mzungu: Brad Gurdlinger, tajiri mwenye ofisi ya fahari mjini Denver, ambaye kumbe amewatuma akina Miller kumwibia Chacon mali yake. Nitaambiwa pia kwamba filamu inaikejeli familia ya Kimarekani yenyewe, wimbo wake mtamu na uongo wake. Hoja zote mbili ni za haki. Tena naongeza ya tatu, ambayo watetezi wa filamu huwa hawaitaji. Takwimu za tume ya Marekani inayofuatilia hukumu za mahakama za taifa hilo zinaonyesha kwamba wengi mno wa wanaohukumiwa kwa ulanguzi wa fentanyl, sumu inayowamaliza Wamarekani leo, ni raia wa Marekani wenyewe. Nayo sehemu kubwa ya fentanyl inayonaswa mpakani hunaswa kwenye vituo halali vya forodha, ndani ya magari, wala si migongoni mwa watu wanaovuka jangwa kwa miguu. Sababu ni ile ile ya David: raia hapekuliwi sana. Kwa maana hiyo kichekesho hiki cha kipuuzi kilisema kweli ambayo wanasiasa kadhaa wa nchi ile wameikwepa kwa miaka mingi.

Lakini mtazamaji anatoka ukumbini na picha gani kichwani? Gurdlinger ni mwovu wa kuchekesha, mwenye nyangumi kwenye tangi ofisini kwake. Chacon ni mwovu wa kutisha. Wa kwanza ni kioja, ajabu ya mtu mmoja. Wa pili ni nchi. Hakuna atakayesema kwamba Wazungu wa Denver ndivyo walivyo.

Yafaa pia kukumbuka filamu ilitoka lini. Mnamo Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado, jimbo ambalo Denver ndio mji wake mkuu, walihalalisha bangi kwa watu wazima. Maduka ya kwanza ya kuiuza hadharani yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Katikati, Agosti 2013, ndipo akina Miller walipowasili kwenye kumbi za sinema. Na Juni mwaka uo huo chama cha kutetea uhuru wa raia nchini Marekani, ACLU, kilikuwa kimechapisha ripoti iliyoonyesha kwamba Mmarekani mweusi alikuwa katika hatari ya kukamatwa kwa kumiliki bangi karibu mara nne zaidi ya Mzungu, ingawa makundi haya mawili huivuta kwa kiwango kinachokaribiana. Katika filamu inayomhusu mchuuzi wa bangi wa mjini, iliyotoka miezi miwili baada ya ripoti hiyo, hakuna mhusika mkuu hata mmoja aliye mweusi. Waliofungwa kwa ajili ya kichekesho hicho hawakualikwa kukicheka.

Je, inawezekana kuutunga mzaha huu kwa njia nyingine? Ulikuwa umekwisha kutungwa, tena miaka 35 kabla. Mwaka wa 1978 Cheech Marin na Tommy Chong waliitoa Up in Smoke, chini ya mwelekezi Lou Adler. Marin ni Mmarekani wa asili ya Kimexico aliyezaliwa Los Angeles, mwana wa askari polisi wa mji huo. Chong alizaliwa Kanada kwa baba Mchina na mama wa asili ya Uskochi na Ireland. Filamu yao ilitengenezwa kwa fedha haba, ikapata zaidi ya dola milioni 40 nchini Marekani pekee. Kisa chake ni kile kile: bangi inatoka Mexico kuingia Marekani ndani ya gari. Tofauti ni kwamba humo gari lenyewe limeundwa kwa bangi, na hao wawili wanaoliendesha hawana habari!

Tazama jinsi mzaha unavyogeuka. Katika Up in Smoke jamaa za Pedro, mhusika wa Marin, wanawapigia simu maafisa wa uhamiaji na kujichongea wenyewe, ili wafukuzwe nchini na kupata usafiri wa bure hadi kwenye harusi Tijuana. Dola nzima na magari yake imefanywa kuwa matatu ya familia. Na wanapofika mpakani wakirudi, Chong anarusha msokoto unaowaka ndani ya gari la watawa wa Kikatoliki, na ni watawa wale wanaoteremshwa na kupekuliwa huku lori la bangi likipita mbele ya pua za askari. Ni msako ule ule ambao David Clark anauogopa, lakini anayechekwa ni msakaji. Wajinga wawili wasio Wazungu wanapewa ile ile neema ya kuwa wajinga hadi mwisho wa hadithi bila kuuawa, bila kuonywa, na bila kuwa somo kwa mtu yeyote.

Sisemi kwamba Up in Smoke ni filamu safi. Ina matusi ya kutosha, na wanawake wamo humo kwa ajili ya kutazamwa tu. Walakini Marin aliuendeleza uzi huo kwa utu zaidi mwaka wa 1987 katika Born in East L.A., aliyoiandika, akaielekeza na kuiigiza mwenyewe: raia wa Marekani ananaswa kwenye msako bila kitambulisho, na kwa kuwa sura yake ni ya Kimexico anatupwa Mexico, nchi ambayo hata lugha yake haijui vyema. Na mwaka wa 2008, Harold & Kumar Escape from Guantanamo Bay iliwaweka John Cho, mwenye asili ya Korea, na Kal Penn, mwenye asili ya India, ndani ya ndege kuelekea Amsterdam. Kumar amebeba kwa siri chombo cha kuvutia bangi. Bibi mmoja mzungu ameshaingiwa na hofu kwa sababu ya uso wake. Kijana anapokitaja chombo kile, abiria wanasikia 'bomu', na wale wawili wanajikuta Guantanamo. Uweke mzaha huo kando ya ule wa akina Miller. Dhambi ni ile ile ya kuvusha bangi. Wenye sura moja wanapungiwa mkono wa kwaheri, wenye sura nyingine wanavalishwa sare za gereza. Filamu hii ina ujasiri wa kulisema lile ambalo nyingine imelifunika.

Hapa kwetu mambo haya hayatuhusu kwa mbali kama tunavyodhani. Mwenye pasipoti ya Kenya aliyewahi kusimama mbele ya dawati la uhamiaji katika viwanja vya ndege vya Ulaya anaijua ile foleni ya pili, ya wale wanaoombwa wasubiri kidogo. Filamu ya kina Miller inatutaka, kwa saa mbili hivi, tuuone mpaka kwa macho ya yule ambaye hasubirishwi. Nasi tunafanya hivyo bila kinyongo, kwa kuwa ucheshi mzuri humbeba mtu kabla hajauliza anapelekwa wapi. Tukicheka tunacheka upande wa gari, si upande wa foleni. Wala wachekeshaji wetu wasijione watakatifu: bawabu akiwa na lafudhi ya kabila moja daima, mwizi lafudhi ya lingine na mganga lafudhi ya tatu, huo ni mpaka mwingine tuliojichorea wenyewe.

Mwisho wa We're the Millers ni wa raha. Don Fitzgerald anawakamata maharamia, Gurdlinger naye ananaswa, na akina Miller, ambao wamevusha shehena nzima ya bangi, wanapewa na serikali nyumba katika mtaa wa watu wa heshima ili waishi wakilindwa kama mashahidi. Nyuma ya nyumba wamepanda mibangi yao, na kamera inaionyesha kwa tabasamu.

Tommy Chong, kwa upande wake, alifikishwa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka wa 2003, akiwa na umri wa miaka 65. Hakuwa amevusha bangi popote. Kampuni ya familia yake ilikuwa ikiuza viko vya vioo vya kuvutia, naye akakiri kosa hilo. Waendesha mashtaka, katika kuomba adhabu, walitaja filamu zake za vichekesho kama ushahidi kwamba alikuwa amejitajirisha kwa kuifanyia mzaha kazi ya wanaopambana na mihadarati. Alihukumiwa kifungo cha miezi tisa, akakitumikia. Mnamo Desemba 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Up in Smoke katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama hazina ya taifa.